Faraja ya Mwanafunzi wa Fildi na Mwenye Kalamu

Gereji za Mtwara mjini hupokea vijana wa mafunzo kwa vitendo, baadhi yao wakiwa wametoka Masasi, Newala au Tandahimba na kupanga chumba Chikongola. Mimi ni mmoja wa wanaowasimamia, na siku hizi najiuliza wanampelekea nani uchungu wao pale wanapokemewa mbele ya wateja, au inapofika simu ya msiba wa nyumbani na mfukoni hamna nauli.

Kwa mtazamo wangu, faraja kazini haitegemei sana wema wa mtu. Inategemea nani ameshika kalamu. Mwaka 1981 James House, mwanasosholojia wa Marekani, aliugawa msaada wa kijamii kazini katika aina nne: wa hisia, wa vitendo, wa taarifa, na wa kumwezesha mtu kujipima. Katika mafunzo, aina ya kwanza na ya mwisho hugongana, kwa kuwa zote hutarajiwa kutoka kwa msimamizi yule yule, ambaye asubuhi humjulia kijana hali na jioni humjazia alama kwenye daftari la fildi. Kijana anayeogopa kuingia chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki hawezi kulisema hilo bila kuhofia kwamba litaandikwa kuwa ni udhaifu, hivyo hunyamaza, na sisi tukadhani ana kiburi.

Wenzake wa zamu moja humsikiliza zaidi, hasa wanaochangia chakula na kodi, ila tetesi kwamba gereji itabakiza mmoja tu hutosha kuwafunga midomo. Binti aliye peke yake miongoni mwa mafundi hana hata hao.

Utani wa makabila nao husaidia, kwani humpa fundi wa makamo ruhusa ya kumchokoza mwanagenzi na kisha kuketi naye. Lakini utani ni wa kujibizana, na kijana asiyethubutu kumjibu mkubwa wake hataniwi, anadhihakiwa tu.

Kwetu tumemwomba fundi asiyejaza daftari lolote awe anakula nao mchana. Mkuu wa gereji anaona ni kupoteza muda, nami namwelewa, maana msimu wa korosho malori hupanga foleni hadi barabarani na huyo fundi ndiye wa kwanza kuitwa.