Kitovu kiingie ndani

Jamani, leo nimeanza Pilates, yale mazoezi ya polepole ya kukaza tumbo na mgongo. Ndiyo kwanza nafika nyumbani, tumbo latetemeka kwa ndani.

Kilichonipeleka ni kiuno. Kutwa kwenye kompyuta, jioni foleni ya feri Likoni, ukifika kwako hata kuinama kuchukua ndoo ni kazi.

Kabla sijavua viatu, mwalimu ashaniuliza: una shida ya diski? Presha? Umejifungua karibuni? Nikamwambia kiuno.

"Basi dada, wewe magoti utayakunja. Shingo ikilalamika, kichwa kirudi chini. Ukisikia maumivu ya kuchoma, acha papo hapo."

Tukaingia zoezi la "mia". Unalala chali, mikono yapigapiga hewani, pumzi unavuta kwa hesabu ya 5, unatoa kwa 5, mpaka 100 itimie. Wenzangu miguu imenyooka juu. Mimi magoti yamekunjwa, kichwa mkekani, natazama feni ya dari.

Akaja akaniwekea vidole viwili chini ya mbavu.

"Usizuie pumzi. Toa, kitovu kiingie ndani."

Nikatoa. Kumbe kuna msuli kule ndani sijapata kuusikia maishani! Ukakaza kidogo tu, na kiuno kikatulia chenyewe.

Huyu Joseph Pilates aliyeyabuni mazoezi haya, Mjerumani aliyezaliwa 1883, Mungu amrehemu.

(Dera liacheni nyumbani, mashoga zangu. Mguu ukipanda, nalo lapanda.)

Mlioanza zamani, zile mashine za springi mlizipanda lini? Mwalimu asema mkeka kwanza. Na shingo zenu zilizoea?