Siku Moja Maishani Mwangu: Ninga, Asumini na Rangi za Maji

Ninachora ndege na maua kwa rangi za maji katika mji wa Wete, kaskazini mwa Pemba, na karibu kila picha ninayoagizwa huwa na ujumbe wa kufikisha: harusi, kuhitimu masomo, kuzaliwa kwa mtoto, rambirambi. Mwenye kuagiza hanitajii ndege peke yake; hunieleza pia jambo analotaka ndege huyo amsemee. Siku ninayoisimulia hapa ilikuwa katikati ya msimu wa karafuu. Mezani palikuwa na picha ya harusi iliyokaribia kumalizika, na kwenye simu palikuwa na agizo jipya lililonishughulisha kutwa nzima.

Saa kumi na mbili asubuhi

Baada ya sala ya alfajiri nilichukua darubini na daftari la michoro, nikaenda kwenye mkuyu ulio nyuma ya mashamba, ambako ninga, njiwa wale wa kijani, huja kula tini kabla jua halijapanda. Ninga wa Pemba hapatikani popote duniani ila kisiwani hapa. Ni mmoja wa ndege wanne wenye sifa hiyo, pamoja na bundi mdogo, chozi wa Pemba, na ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Ninga wa bara ana kijani kingi zaidi, ilhali wetu ana kijivu kichwani na kifuani, na kijani chake hukolea mgongoni na mbawani. Kwa mtu anayepita njia tofauti hiyo ni ndogo, lakini picha niliyokuwa nikiichora ilikuwa ya bwana na bibi harusi ambao wote ni Wapemba, na wazazi wao walitaka ndege wa kwao. Kumpa Mpemba ninga wa bara kwenye picha ya harusi yake ni kumtumia salamu zenye jina la mtu mwingine.

Nilichokwenda kukitafuta asubuhi hiyo ni namna ndege wawili wanavyokaa kwenye tawi moja. Picha nyingi za harusi huwaonyesha ndege wakigusana midomo, nami siupendi mtindo huo kwa sababu unaamriwa na kadi za dukani, si na ndege. Ninga niliowaona walikuwa wakila. Mmoja alitembea juu ya tawi kwa hatua za pembeni, akajinyoosha hadi akaning'inia kichwa chini kuifikia tini, huku mkia wake ukifunguka na kuonyesha rangi ya hudhurungi iliyo upande wa chini. Mwenzake alikaa kimya karibu na shina, akielekea upande uleule, na baada ya kitambo akasogea kwenye tini zilizosalia. Nilichora miguu yao kwa penseli mara nyingi kuliko kitu chochote kingine, kwa kuwa vidole vikikosewa ndege huonekana amewekwa juu ya tawi wala hajalishika. Katika picha ya ndoa ndege lazima aonekane ameshika.

Saa mbili asubuhi

Nilirudi kwa njia ya barabarani, ambako karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi mbele ya nyumba. Kadi ndogo za tawi la karafuu ndizo zinazonilisha miezi mingi ya mwaka. Huzipeleka Unguja kwa boti na kuuzwa katika maduka ya Mji Mkongwe. Nazichora kwa heshima ileile ninayozipa picha kubwa. Karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, wakati rangi yake inapotoka kwenye kijani na kuanza kuona haya ya wekundu, kwa sababu ikishafunguka thamani yake sokoni huanguka. Mchoraji asiyejua hilo huchora ua lililochanua, akadhani amelipamba, kumbe amechora hasara ya mkulima. Bendera ya Zanzibar ya Desemba 1963 ilikuwa na karafuu mbili za manjano ndani ya duara la kijani, ikadumu hadi Mapinduzi ya Januari 1964 tu, lakini zao lenyewe halikuondoka kwenye maisha ya watu. Ninapompa mtu kadi ya karafuu, nampa jasho, ada za skuli na mabati ya nyumba, na yeye hulijua hilo bila kuambiwa.

Saa tatu asubuhi

Saa hizi hadi adhuhuri ndizo za kuchora, kwa sababu mwanga wa dirishani huwa umetulia. Rangi ya maji ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mgunga, ile ambayo kwa wingi hutoka Sudan, nayo hukubali kufunguka tena kila inapoguswa na maji. Hapo ndipo ulipo uzuri wake na ndipo ilipo hatari yake. Natumia karatasi ya pamba tupu yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ambayo huvumilia kuloweshwa na kukaushwa bila kujikunja sana. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo tabaka ambalo mahali pakavu lingekauka upesi, hapa huchukua muda mrefu, na mchoraji mwenye pupa huishia kupata tope.

Kijivu cha kifua cha ninga sikichukui kwenye kidonge cheusi. Nachanganya buluu ya altramarini na kahawia ya udongo uliochomwa, halafu nalowesha kifua chote kwa maji safi na kuiachia rangi itembee yenyewe kutoka bawani kuelekea tumboni. Altramarini ina chembe nzito zinazotulia kwenye vijishimo vya karatasi, na chembe hizo huupa mchoro ule ulaini wa manyoya madogo ambao brashi haiwezi kuuchora unyoya kwa unyoya. Kisha nasubiri. Kijani cha mgongo huingia tu kifua kikiwa kikavu kabisa, kwa matabaka mawili au matatu mepesi, kwa sababu kijani kizito huua ndege.

Wekundu nauchagua kwa uangalifu zaidi kuliko rangi zote. Baadhi ya nyekundu za zamani, kama ile ya alizarini, hupendeza sana siku ya kwanza, lakini hufifia zikikaa kwenye mwanga wa jua. Picha ya harusi hutundikwa sebuleni miaka na miaka. Siwezi kumpa mtu alama ya mapenzi ambayo najua itapauka ukutani, kwa hiyo hutumia nyekundu za aina ya kwinakridoni, ijapokuwa bei yake ni kubwa na kupatikana kwake kunahitaji mtu anayesafiri.

Saa tano

Ujumbe uliokuwa kwenye simu tangu jana usiku ulitoka kwa mama mmoja wa Dar es Salaam, mzaliwa wa Wete, ambaye binti yake amehitimu udaktari. Alitaka picha ya bundi ya kutundikwa katika chumba cha kazi cha binti huyo, kwa maelezo kuwa bundi ni alama ya hekima. Nilimpigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeuona ujumbe wangu?"

Nilimwambia nimeuona, na kwamba maana hiyo ipo kweli: ilitoka kwa Wagiriki wa kale, waliomfuatanisha bundi na Athena, mungu wao wa hekima, hata wakamweka kwenye sarafu zao za fedha. Hata hivyo, mgonjwa wa pwani atakayeingia chumbani mwa daktari hatamkumbuka Athena. Atamkumbuka bundi aliyelia juu ya paa usiku ule ambao babu yake alifariki.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hilo mimi sikulifikiri kabisa."

Napenda nieleweke hapa. Mimi siamini kwamba bundi huleta mauti, na bundi mdogo wa Pemba, ambaye chakula chake ni wadudu na ambaye hulia "hu" moja moja magharibi inapoingia mikarafuuni, hastahili mawe anayorushiwa. Nimemchora na nitaendelea kumchora kwa ajili yake mwenyewe, ili watoto wa kisiwa hiki wamjue kwa sura kabla hawajafundishwa kumwogopa. Lakini picha ya alama hufanya kazi machoni pa anayeitazama, na mgonjwa aliyeketi akisubiri majibu ya vipimo si mtu wa kufundishwa elimu ya ndege.

Nilimwomba anipe hadi usiku nimtafutie jambo lingine, naye akakubali.

Saa saba hadi saa tisa

Sala, chakula, na kulala kidogo. Joto la wakati huu hukausha brashi kabla hujaifikisha kwenye karatasi upande mmoja, na upande wa pili jasho la mkono huacha alama, hivyo sichori.

Saa kumi jioni

Kwenye picha ya harusi palikuwa pamebaki kona ya chini kushoto, ambako nilitaka kiwepo kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia anachovaa bibi harusi. Ningeweza kukichora kwa kukumbuka, lakini jirani yangu, Bi mkubwa ambaye amewafungia vikuba maharusi wengi wa mtaa huu, alikuwa ameahidi kunifungia kimoja. Asumini huchumwa jioni zikiwa matumba, kwa kuwa hufunguka usiku na harufu yake hukamilika zikiwa tayari kifuani au nywelini mwa mvaaji. Nilimkuta barazani na sahani ya matumba meupe, vijitawi vya mrehani na vipande vya mkadi, ua jingine la kunukia.

Nilikaa karibu na mikono yake. Alianza na mrehani, akaulaza kwenye kiganja. Juu yake akapanga vipande vya mkadi vilivyokatwa vyembamba. Kisha akaizungushia asumini, tumba kwa tumba, vikonyo vikielekea ndani, akivuta uzi kwa meno kila alipomaliza duru. Nilimuuliza kwa nini mrehani hukaa chini. Akanijibu kwamba mrehani ndio unaobaki na harufu asumini zikishanyauka, na ndoa nayo huhitaji kitu cha kubaki. Niliyaandika maneno hayo pembeni ya mchoro, na mrehani nikaupa nafasi kubwa kuliko nilivyokuwa nimepanga.

Kuchora asumini kwa rangi za maji ni kuchora kila kitu isipokuwa asumini. Weupe wake ni weupe wa karatasi yenyewe. Nilianza na kijani cha mrehani, nikakizungusha kwa ncha ya brashi kwenye ukingo wa kila tumba, halafu kivuli chepesi cha samawati na manjano upande wa chini, na pale juu sikugusa chochote. Tumba moja nilitumia muda mrefu sana, kwa sababu ncha yake ilikuwa imeanza kufunguka na ilikuwa na wekundu hafifu kwenye kikonyo. Tone moja la maji lililozidi lingeueneza wekundu ule na kulifanya tumba lionekane limepondeka.

Mafundi wa milango ya nakshi ya Lamu na Mji Mkongwe waliyaelewa mambo haya kabla yetu. Walichonga yungiyungi, mtende, samaki na minyororo kwenye miimo, na mgeni alisimama mbele ya mlango akasoma neema na ulinzi wa nyumba kabla ya kubisha hodi. Mti mgumu na karatasi laini ni vitu viwili tofauti, ila mazungumzo na mtazamaji ni yaleyale.

Saa mbili usiku

Baada ya chakula nilichora penseli ya haraka ya wazo la daktari na kuipiga picha. Ni tawi la mwarobaini, lenye majani yake yaliyopinda kidogo na kingo zenye meno, pamoja na vishada vya maua madogo meupe. Katikati yake amekaa yule ndege wa manjano wa Pemba mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, akichungulia chini ya jani kutafuta mdudu. Mti wa dawa kila mtu wa pwani anaujua. Ndege huyu naye amepewa jicho ambalo huwezi kuacha kulitazama, na kazi yake kutwa ni kugeuza jani na kuangalia kilichojificha, jambo ambalo ndilo hasa mgonjwa analolitaka kwa daktari wake. Zaidi ya hayo ni ndege wa Pemba, na binti yule ni mjukuu wa Pemba.

Mama alipiga simu mwenyewe badala ya kuandika. Alisema picha imemgusa, akauliza kama jicho la ndege linaweza kumtazama mtu anayeingia mlangoni. Nilimjibu kwamba ningependelea abaki anachungulia jani, kwa sababu akimtazama anayeingia atakuwa amesimamisha kazi yake. Akacheka, akasema, "Haya, mwache afanye kazi, mwanangu." Tulikubaliana juu ya ukubwa, ukuta usiopigwa na jua moja kwa moja, na fremu yenye kioo, na kwamba karatasi isigusane na kioo hicho, maana katika unyevu wa Dar es Salaam ukungu huanzia palepale. Picha ya maharusi niliifunga kwa karatasi safi na kadibodi mbili, tayari kuchukuliwa na wazazi wao asubuhi.