Mbao za Wenhaston

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo la wiki hii ni Warumi 8:34. Paulo anauliza ni nani atakayetuhukumia adhabu, na kabla hujavuta pumzi ya kujibu anakutajia Kristo Yesu aliyekufa. Nimeusoma mstari huu mara nyingi, ila safari hii umenipeleka mbali: kijiji cha Wenhaston, Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kwenye kanisa la Mtakatifu Petro.

Makanisa ya vijijini kule, enzi hizo za kale, yalikuwa na sehemu mbili zinazofuatana. Waumini upande wa magharibi, padre na madhabahu upande wa mashariki, na katikati tao kubwa. Boriti ilikatiza kwenye tao, na juu yake Yesu msalabani, Mariamu huku, Yohana kule. Nyuma ya sanamu hizo, kujaza tao, ilichorwa siku ya hukumu. Misa ilikuwa ya Kilatini na wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo ukuta nao ulihubiri. Mkulima aliyesimama pale Jumapili hakuweza kuinua macho kuelekea madhabahuni asikutane na hukumu. Wala hakuweza kuiona hukumu bila msalaba kuwa mbele yake.

Wenhaston walichora ya kwao kwenye mbao, upana unapita mita 5, kama miaka 500 iliyopita. Yesu amekalia upinde wa mvua. Mikaeli ameshika mizani. Jehanamu ni mdomo wa samaki mkubwa, meno nje. Upande wa pili Petro anawapokea waliookoka, na hapo mchoraji amenichekesha: wote wako uchi, lakini mfalme kabaki na taji, askofu na kofia yake ya kiaskofu, kardinali na ile yake nyekundu. Joho limeishia kaburini, kofia imefika. Sijui ni utani au ni njia tu ya kututambulisha nani ni nani. Mimi naona ni vyote viwili.

Karne ya 16 yakaja Matengenezo ya Kanisa, Uprotestanti ulipoingia Uingereza. Sanamu zikaondolewa, mbao zikapakwa chokaa, na watu wakasahau. Mwaka 1892, kanisa likikarabatiwa, mbao zile nyeupe ziling'olewa zikatupwa nje makaburini. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi, najua mbao kuukuu huishia wapi: chini ya karai la mandazi. Lakini usiku ule mvua ikanyesha. Kulipokucha, chokaa ilikuwa imeanza kuchuruzika, na nyuso zinatazama.

Zikarudishwa ndani, na zimo kanisani hadi leo.

Kuna jambo moja kwenye mbao hizo ambalo mvua haikuweza kulirudisha. Sanamu zilikuwa zimeegemezwa kwenye mbao zenyewe, na mchoraji alichora kuzizunguka. Nyuma yake hakugusa kitu. Kwa hiyo katikati ya malaika, mashetani na wafu wanaofufuka kuna maumbo matatu matupu yasiyo na rangi. Mawili ni ya watu waliosimama. La tatu, refu kuliko yote, limenyoosha mikono.

Waliouondoa msalaba waliondoa mti tu. Umbo lake lilikuwa limeshawekewa nafasi na mtu aliyeshika brashi, ambaye hakuona namna ya kuichora siku ile ya mwisho bila kumpisha Aliyesulubiwa kwanza. Paulo naye, ukimwangalia vizuri, kafanya hivyohivyo: swali la hukumu halijapoa, kashamweka Kristo mbele yake.

Juzi usiku niliifungua picha hiyo kwenye simu, nikaikuza, nikaanza kujitafuta mahali pangu. Nikapita kwa Petro na wale wenye kofia. Nikaenda kwa samaki, nikakaa kidogo, maana wiki haikuwa nzuri. Kila nilipoisogeza picha kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kidole kilipita palepale katikati, kwenye mbao tupu.