Helios ya mjomba ufukweni Bagamoyo: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumamosi ya kwanza

Lenzi nimeikuta kwenye sanduku la marehemu mjomba, bado imefungwa kwenye Zenit-E, kamera ya filamu aliyorudi nayo kutoka masomoni Urusi. Helios-44-2, milimita 58, f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga limefunguka zaidi). Warusi waliichora kwa kufuata Biotar ya Zeiss, lenzi ya Wajerumani ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Nilipoimulika tochi kwa nyuma nikaona kuvu pembeni mwa kioo, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Kwa hewa yetu ya pwani kuvu naiogopa kuliko mikwaruzo. Nimeitia lenzi kwenye kopo la kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na maboksi ya viatu.

Nia yangu ni moja: kuwapiga picha mafundi wa majahazi pale ufukweni, mwanzo wa kazi hadi mwisho, kwa lenzi hii peke yake.

Wiki ya pili

Adapta, pete ya kuunganisha lenzi hii na kamera yangu ya Sony, imefika, nikaenda nayo baharini moja kwa moja. Kwanza kamera ikagoma kupiga kwa kuwa haioni lenzi yoyote. Ukiingia kwenye menyu na kuiruhusu ipige bila lenzi, inakubali. Kasoro kubwa ilikuwa nyingine. Fundi aliye karibu alitoka safi, lakini ngalawa zilizotia nanga zikabaki na ukungu hata nikizungusha pete hadi mwisho.

Usiku nikaupima unene wa adapta kwa kalipa: milimita 27.9. Lenzi za nyuzi za M42, kama hii, hukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, na Sony yangu inahitaji 18, kwa hiyo adapta ilipaswa kuwa 27.46. Hiyo nusu milimita kasoro kidogo inatosha kuinyima lenzi kila kilicho mbali kupita mita nane hivi. Nimempelekea fundi wa kukereza vyuma, akaipunguza taratibu huku tukipima. Jioni ile ile tanga zikasomeka.

Wiki ya nne

Hapa ndipo nilipokaa sana. Mzee mmoja alikuwa anakalafati: anapigilia pamba iliyolowa mafuta kwenye mwanya wa mbao, chembeu, patasi ya kukalafatia, mkono wa kushoto, nyundo wa kulia. Kwa umbali wa mita moja, kwenye f/2, kina cha fokasi, yaani sehemu inayotoka safi mbele hadi nyuma, ni kama sentimita mbili na nusu tu. Kamera inapaka rangi nyekundu kwenye kingo zilizoshika fokasi, lakini kwenye f/2 rangi hiyo hudanganya. Nikikuza picha nakuta kilichoshika ni kifundo cha mkono, pamba imepotea.

"Mwanangu, mbona unazungusha tu, hupigi?"

"Nautafuta mkono wako, mzee, unanikimbia."

"Mkono usiufuate. Tazama mwanya, mkono utakuja wenyewe."

Nikafanya hivyo. Nikashika fokasi kwenye mwanya, shubiri moja mbele ya chembeu, nikatulia. Helios hii ina pete mbili za tundu la mwanga: moja unaitegea kikomo, ya pili inafungua na kufunga bila mlio. Nategea f/5.6, nafungua hadi f/2 nione vizuri, kisha nafunga kwa kidole bila kutoa jicho. Chembeu ilipofika pale nikapiga tatu. Ya pili, kila uzi wa pamba unaonekana, na tone la mafuta linaning'inia kwenye ncha ya chuma.

Wiki ya tano

Kuvu haijasogea. Pete ya fokasi imelainika kwa joto, naipenda hivyo. Picha ya mzee nimeisafisha kwa ukubwa wa A4, Jumamosi nampelekea. Ameniambia wiki hiyo watakuwa ndani ya jahazi wakifunga mataruma, zile mbavu za jahazi, mle mwanga ni haba, kwa hiyo narudi f/2 tena.