Barua Pepe kwenye Kikoa Changu: Hatari Nilizozipima kwa Kuchelewa

Nilipohamishia barua pepe zangu zote kwenye kikoa changu, yaani anwani ya mtandaoni ya .com yenye jina langu, nilikuwa natafuta uhuru. Kampuni inayonihifadhia barua ikinifungia akaunti, ningebadilisha rekodi za MX, zinazoonyesha barua za kikoa zipelekwe seva ipi, na kuhamia kwingine bila kumtangazia mtu anwani mpya. Faida hiyo naiamini hadi leo. Nisichokipima wakati ule ni kwamba usalama wa akaunti zangu nyingine zote, kuanzia ya picha hadi ya malipo, ulihamia siku hiyohiyo mikononi mwa msajili wa kikoa, yaani kampuni ninayokisajili na kukilipia kwake, ambaye nilikuwa nimemchagua kwa unafuu wa bei tu.

Anayeiteka akaunti yangu ya msajili hahitaji kujua nywila ya barua pepe wala kuvunja seva yoyote. Anaelekeza rekodi za MX kwenye seva yake, anabofya "umesahau nywila?" kwenye tovuti anayoitaka, kisha anangoja kiungo kimfikie. SPF, DKIM na DMARC, rekodi za kuthibitisha kwamba barua imetumwa kweli na mwenye kikoa, ambazo wengi wetu tunajivunia kuziweka sawasawa, hazimzuii hata kidogo, kwa kuwa kazi ya rekodi hizo ni kukabili wanaotuma barua kwa jina langu, si kulinda zile zinazokuja kwangu. Wala mkasa huu hauwapati wazembe peke yao: mwishoni mwa Januari 2021, perl.com, kikoa cha tovuti ya lugha ya programu ya Perl, kilichosajiliwa tangu 1994 na kutunzwa na watu wanaoijua intaneti nje ndani, kiliporwa, kikarudi mikononi mwa wenyewe mwezi uliofuata.

Nilipokagua mipangilio yangu nilikuta kosa la aibu: anwani niliyompa msajili kwa ajili ya kurejesha akaunti ilikuwa kwenye kikoa kilekile. Siku kikoa kingezimika, barua ya kuniokoa ingetumwa mahali nisipoweza kuisoma. Nilikuwa nimefungia ufunguo ndani ya nyumba. Sasa msajili ananiandikia kwenye anwani ya mtoa huduma mwingine kabisa, kufuli ya uhamisho, inayozuia kikoa kuhamishiwa kwa msajili mwingine, imewashwa, na uthibitishaji wa hatua mbili unatumia programu ya simu badala ya ujumbe mfupi, kwa sababu laini ya simu nayo huibwa.

Hata hivyo, kinachonitisha kuliko mwizi ni kalenda. Kikoa cha .com kisipolipiwa, msajili anaweza kukishikilia hadi siku 45, na akishakifuta kuna siku 30 za kukikomboa, kwa kawaida kwa ada nono, kisha siku 5 za mwisho, na baada ya hapo yeyote anaweza kukisajili. Wasajili wengi hawangoji hata hapo. Hukipiga mnada mapema.

Niliwahi kuwa huyo yeyote. Nilinunua kikoa kilichoachwa, kwa kuwa nililipenda jina, nikaweka kisanduku kinachopokea barua za anwani yoyote chini yake. Haikupita wiki nikapata risiti ya ununuzi, ukumbusho wa miadi ya daktari wa meno, na taarifa kwamba "umeingia kwenye akaunti yako kutoka kifaa kipya", zote zikimwita mwenye zamani kwa jina lake la kwanza. Nilizifuta, nikakizima kisanduku. Mwingine angebofya kiungo.

Kwa hiyo sijarudi nyuma, lakini nimegawa mambo. Mawasiliano na watu yamebaki kwenye kikoa changu, ilhali akaunti za fedha nimezihamishia kwenye anwani ya mtoa huduma mkubwa, ingawa najua kwamba huko nako naweza kufungiwa nikakosa wa kumlalamikia. Kikoa chenyewe nimekilipia miaka 10, ambao ndio ukomo wa .com, kwa sababu malipo ya kujirudia hutegemea kadi, na kadi huisha muda kimyakimya. Ninacho kingine cha zamani, ambacho sijakitumia kwa miaka. Hicho nacho bado nakilipia.