Mtaimbo uliokuwa mkobani siku zote

Katika mchezo wetu wa mezani, wa kusimulia hadithi kwa dadu, wachezaji wanne walisimama mbele ya mlango wa mbao uliovimba kwa unyevu, na kila mmoja akasema yaleyale: "Narusha dadu, nguvu." Wa kwanza akapata 6. Wa pili 9. Wa tatu 3. Wa nne akapata 17, mlango ukafunguka, tukaendelea na safari. Hakuna aliyeuliza ulifungukaje, wala mimi sikueleza, kwa kuwa sikujua. Usiku ule nikikusanya karatasi za wahusika, zile zinazoorodhesha uwezo na vitu vya kila mmoja, ndipo nikaona kwamba wawili kati yao walikuwa na mtaimbo. Ulikuwa umeandikwa pale tangu siku ya kwanza, katikati ya blanketi na chakula cha njiani.

Jambo hilo liliniuma. Mimi ndiye msimamizi wa mchezo, na wachezaji hawaoni chochote katika dunia ile ila ninachowaonyesha. Kama mtu amebeba chuma cha ratili 5 mgongoni kwa miezi na hajawahi kukikumbuka mbele ya mlango uliokwama, basi ni mimi niliyemfundisha kwamba hakina kazi.

Tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, lile la mwaka 2014. Kwa asiyeujua mchezo huu: unaeleza mhusika wako anafanya nini, na jambo likiwa na mashaka unarusha dadu ya pande 20, unaongeza alama za uwezo na ujuzi wake, kisha jumla inapimwa na kiwango cha ugumu alichoweka msimamizi. Jambo jepesi ni 10, la kati 15, gumu 20. Mimi nilikuwa nimeyasahau yale maneno "likiwa na mashaka". Tulikuwa tunarusha kwa kila kitu.

Nikarudi kwenye kitabu cha kanuni na kusoma orodha ya vifaa, ile ambayo watu huipitia mara moja tu wakati wa kuumba mhusika. Vingi vina kanuni zake ndogo. Mtaimbo unakupa haki ya kurusha dadu mara mbili na kuchukua iliyo kubwa, mradi pawe na mahali pa kuuchomeka na kukandamiza. Gogo la kubomolea milango linaongeza alama 4. Kapi na kamba zake zinakuwezesha kuinua mara nne ya uzito ambao ungeuinua bila hizo. Mfuko wa gololi 1,000 ukimwagwa sakafuni, anayepita mbio ana hatari ya kuanguka, ila anayepita polepole yu salama. Na dadu ya pili si zawadi ndogo: anayehitaji dadu yenyewe ionyeshe 15 au zaidi ana nafasi 30 katika 100, akirusha mara mbili anafika 51. Anayehitaji 11 anatoka 50 hadi 75.

Nilianza vibaya. Kila aliyetaja kifaa nilimpa alama 2 za ziada, na mchezo ukageuka mnada. Mtu anasema "nina kamba, nina nyundo, nina misumari, nina mshumaa" kama anayesoma risiti, bila kusema hata kimoja kinafanya nini. Baada ya vikao vitatu nikaifuta kanuni hiyo.

Kilichofaa ni swali. Kabla hawajagusa dadu nauliza: "Umeshika nini, na mikono yako inafanya nini?"

Mara ya kwanza nilipouliza hivyo walikuwa mbele ya kaburi la jiwe lenye kifuniko kizito. Mmoja wao akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Kisha akachukua penseli, akaichomeka chini ya jalada la kitabu cha kanuni kilichokuwa mezani, akaikandamiza. Jalada halikuinuka vizuri. Akatafuta mezani kwa macho, akachukua dadu, akaiweka chini ya penseli iwe egemeo, akakandamiza tena. Jalada likainuka. "Hivi, kwa mtaimbo," akasema. "Na mwenzangu awe na kabari. Kila nikiinua kidogo, yeye anachomeka." Nilikuwa nimeandika ugumu wa 20 kwa kifuniko kile. Nikaitazama ile penseli, sikuona tena mashaka yako wapi. Nikawaambia: "Kinafunguka. Itachukua dakika kumi, na chuma juu ya jiwe kinapiga kelele. Mnaendelea?" Wakatazamana. Mwenge wao huwaka saa moja tu, na karibu nusu ilikuwa imekwisha. Kimya kile kilikuwa kitamu kuliko 17 yoyote niliyowahi kuiona ikianguka mezani.

Tangu hapo siamui mapema kifaa kitatoa nini. Naamua nikishasikia mikono inafanya nini. Kuna kifaa kinachoondoa haja ya kurusha, kama mtaimbo ule. Kuna kinachostahili dadu ya pili, kama lenzi ya kukuzia anapokagua mhuri wa barua. Kingine hufungua tu njia iliyokuwa imefungwa: shimo la giza halina cha kujaribu mpaka mtu ashushe taa kwa kamba.

Ila ninavyovipenda zaidi ni vile visivyoigusa dadu kabisa, vikabadilisha tu maana ya kushindwa. Katika kanuni, mwenye vifaa vya kupandia akijifunga mahali, hawezi kuanguka zaidi ya futi 25 kutoka hapo. Dadu ni ileile, ugumu uleule. Lakini mchezaji aliyekuwa akiukwepa ukuta wa mnara vikao viwili mfululizo aliupanda siku alipoeleza anavyogongomea msumari na kupitisha kamba kiunoni. Alishindwa mara mbili njiani, akaning'inia, akaendelea.

Anayecheza mwizi alikuja na lalamiko, na lilikuwa la haki. Amewekeza ujuzi wote katika kufuli; kama mtaimbo unafungua kila kitu, yeye ana kazi gani? Nililifikiria wiki nzima. Tukakubaliana kwamba mtaimbo huvunja. Ukiutumia, fremu imepasuka, kelele imesikika, na mlango haufungiki tena nyuma yako. Mwenye ujuzi na vyuma vyake vyembamba anafungua, anaingia, anafunga, na mlinzi akipita anakuta kufuli mahali pake. Sasa wanabishana wenyewe mbele ya mlango ni njia ipi itawafaa, na mimi nanyamaza kuwasikiliza.

Mabadiliko mengine yalikuwa ya karatasi. Nilikata vikaratasi, kila kifaa na chake: "kamba ya katani, futi 50", "chupa ya mafuta", "dawa na bandeji, mara 10". Unachokitumia unakiweka katikati ya meza, na kikiisha kinabaki kwangu. Siku walipolazimika kuikata kamba ili kumwacha adui ng'ambo ya pili, mwenye kamba alikichana kikaratasi vipande viwili, akaandika 30 kwenye kimoja, 20 kwenye kingine, akanikabidhi cha 20. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza kamba yao imebaki ndefu kiasi gani.

Aliyenigusa zaidi ni mchezaji mmoja mkimya. Mhusika wake ni dhaifu kwa kila kipimo, na zamani wengine wakirusha dadu yeye alikuwa akisubiri tu. Tulipoanza vikaratasi akachagua vitu ambavyo wenzake walividharau: uzi, njuga, kioo kidogo, chaki. Anatega njuga kwenye uzi kabla hawajalala. Anachungulia pembeni kwa kioo badala ya kutoa kichwa. Na chaki anaitumia kila mahali. Walipopotea katika mapango yaliyojaa maji, mwenge ukiwa wa mwisho, mwenye nguvu kuliko wote alimgeukia na kumuuliza: "Mara ya mwisho uliweka alama wapi?" Akajibu bila kutazama karatasi yake: mkono wa kushoto, usawa wa goti, mishale miwili. Sikuomba dadu.

Kikaratasi chake cha chaki kimefutwa na kuandikwa upya mara nyingi mpaka kimetoboka katikati. Nilimwambia nitamkatia kingine. Akakivuta karibu yake, akasema hapana, anataka hichohicho.