Spika sita, gari moja: siku yangu kutoka stoo hadi stoo

Saa 11 alfajiri

Nikiwasha taa ya stoo, naanza kuangalia sakafu. Spika zangu hazilali juu ya saruji. Zinalala juu ya paleti za mbao, kwa sababu saruji hupandisha unyevu kutoka ardhini na plaiwudi huunyonya kimyakimya hadi siku utakapoona kona imevimba. Nne ni za juu, za inchi 12, zenye maboksi ya plastiki, kila moja kilo 17 hivi. Mbili ni sabufa, yaani spika za besi, za inchi 18, plaiwudi tupu, kila moja karibu kilo 45. Hizo sita ndizo zinazonilisha, nikizipeleka kupiga muziki kwenye shughuli za watu.

Watu wengi wanaamini spika huuawa na sauti kubwa. Zipo zinazokufa hivyo. Lakini kati ya zote nilizowahi kupeleka kwa fundi, nyingi ziliumia zikiwa zimezimwa: ndani ya gari, kwenye ngazi, au mikononi mwa mtu aliyechoka. Ndiyo maana nguvu zangu nyingi naziweka kwenye safari.

Kila spika ina koti lake. Ya dukani ni mazuri, sina neno nayo, lakini nilipoanza kazi hii sikuwa na uwezo wa kuyanunua, nikashona mwenyewe. Nje turubai, ndani blanketi kuukuu lililokunjwa mara mbili. Nilipima boksi, nikaongeza sentimita 3 kila upande lisije likabana, nikaacha chini wazi ili livaliwe kwa juu, na nikatoboa nafasi mbili za kushikia. Upande wa mbele, penye wavu, nikashonea mfuko bapa, na ndani ya mfuko huo naingiza bamba la plastiki ya mabango, ile nyepesi yenye vijimifereji katikati.

Hilo bamba ndilo roho ya koti. Blanketi peke yake huzuia mikwaruzo, haliwezi kuzuia ncha. Mguu wa stendi ya kuwekea spika ukichoma blanketi, wavu unabonyea, na nyuma ya wavu kuna koni ya karatasi, ile inayotikisika kutoa sauti, ambayo haijui kujitetea. Bamba hulitawanya lile pigo likafika likiwa limepoa. Ukikosa plastiki ya mabango, plaiwudi ya milimita 3 inafaa, hata boksi gumu la katoni lililokunjwa mara mbili, ila katoni halitaki maji.

Sponji la godoro nimeachana nalo. Hunyonya maji likayatunza, na likizeeka hugeuka unga unaonata kwenye wavu. Na yale masanduku magumu yenye kona za chuma? Ni kinga bora kuliko zote kwa mzigo unaopakiwa na watu usiowajua. Kwangu mimi, ambaye kila boksi linapita mikononi mwangu, yanaongeza uzito mkubwa kwenye sabufa ambayo tayari ni mzigo wa watu wawili.

Saa 12 na nusu asubuhi

Kabla ya kuvalisha makoti, kila spika naichezeshea mlio mmoja mzito unaopanda polepole kuanzia hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde. Sauti yenyewe siifuati. Nasikiliza kelele ndogo pembeni yake, kama nyuki ndani ya kopo. Mitetemo ya muziki na ya barabara hulegeza skrubu za wavu na za spika yenyewe. Leo moja imelia. Nimekaza skrubu zake kwa mkono, kwa kukingamisha, hii kisha ya upande wa pili, bila kutumia nguvu nyingi, maana mbao ikishatafunwa skrubu haishiki tena.

Saa 1 asubuhi

Vijana wangu wawili wamefika, na gari la mizigo limeshasimama mlangoni.

"Dada, sabufa kwanza?"

"Kwanza, na zibane ukuta wa dereva."

Zinasogezwa kwa kigari nilichotengeneza: kipande cha plaiwudi ya milimita 18, magurudumu manne ya milimita 100, zulia kuukuu juu lisiteleze. Magurudumu madogo huwa bei poa, lakini hukwama kwenye kila kokoto na boksi linapinduka mbele. Hapa usibane matumizi. Sabufa ikishaingia, kigari kinatolewa chini yake. Mzigo unaosafiri juu ya magurudumu hautulii, hata ukiufunga kwa mikanda mingapi.

Sabufa zimesimama kwa miguu yake, nyavu zikitazama ukuta wa mbele wa gari, blanketi katikati. Spika za juu zimepangwa mbilimbili, uso kwa uso, bamba kwa bamba. Migongo yake ina vitufe na soketi zinazochomoza, kwa hiyo kila mgongo umepewa mto wake. Maboksi haya ni mapana mbele na membamba nyuma, yakikaa pamoja yanaacha pengo, na pengo ndilo linaloruhusu kuyumba. Tunalijaza kwa mablanketi yaliyoviringishwa. Nyaya zote zimechomolewa. Plagi iliyoachwa kwenye soketi ikisukumwa, huvunja soketi yenyewe.

Stendi zimefungwa kwa utepe, zikaingia kwenye mfuko wa turubai, zikalazwa chini kabisa upande wa pili wa gari. Hili najirudia kila siku, vijana wamelizoea. Miaka kadhaa nyuma niliacha stendi moja imeegemea ukuta, nikasema ni safari fupi. Kona ya kwanza ilianguka, ya pili ikabiringika, ya tatu ikaingiza mguu wake kwenye wavu wa spika ya inchi 15. Nilipofungua nilikuta koni ina tundu la kupitisha kidole gumba. Nilikaa chini palepale nyuma ya gari. Ilikuwa spika yangu ya kwanza kununua kwa pesa yangu.

Mkanda mmoja wa kukazia unapita kwenye safu ya chini, mwingine juu. Kila mkanda unapopita kwenye kona tunaweka kipande cha katoni kilichokunjwa, kwa sababu kile kikazio kina nguvu kuliko unavyodhani, na boksi la plastiki linabonyea bila kulalamika. Mkanda haupiti kwenye mishikio. Mishikio iliundwa kubeba spika, haikuundwa kuvutwa kwenda pembeni kila gari linapokata kona.

Kwa asiye na gari la mizigo: mimi nilianza na gari dogo la kawaida. Spika ilikaa kiti cha nyuma, imelala chali, uso juu, mkanda wa abiria umepita kifuani mwake. Kamwe usiilaze kifudifudi.

Saa 2 na dakika 40

Tumetoka. Dakika 15 njiani, naomba tusimame.

"Mzee, tupumzishe hapo kwenye kivuli."

Dereva hanishangai tena. Mablanketi hushindiliwa na mtikisiko wa mwanzo, na mkanda uliokuwa kama uzi wa gitaa unakuwa umelegea. Leo wa juu umetoa nafasi ya vidole vitatu. Tumekaza, tumeondoka.

Saa 4 asubuhi

Tumefika kwenye shughuli, na kushusha kumekwenda vizuri. Makoti yamekunjwa yakawekwa garini, mlango umeachwa wazi kidogo, gari likasogezwa kivulini. Gari lililofungwa juani ni tanuri, na spika zikirudishwa ndani, gundi zinazoshikilia koni hazipendi tanuri.

Saa 9 alasiri

Mawingu yamekuja ghafla, na sisi tuko nje. Kosa ambalo wengi hufanya mvua ikianza ni kuitumbukiza spika nzima kwenye mfuko wa nailoni huku inapiga. Spika zenye amplifaya ndani hutoa joto kwa mgongoni. Ukiziba mgongo zinajizima au zinaungua. Nina vipande vya nailoni ngumu nilivyoviwekea kamba kwenye kona. Tunavitandika juu ya spika kama paa, vikining'inia mbele na kuchomoza nyuma kama upenu, mgongo ukibaki na hewa. Wavu wa mbele tumeuinamisha kidogo. Sabufa zimeinuliwa juu ya mbao mbili kila moja, maana maji ya mvua hupita chini, na plaiwudi huanza kuoza kwenye kitako.

Manyunyu yamedumu nusu saa. Muziki haukukatika.

Saa 4 usiku

Huu ndio wakati ninaouogopa. Watu wameondoka, wenye eneo wanataka kufunga, taa zinazimwa moja baada ya nyingine, na kila mtu anataka kulala. Asubuhi mnapakia kwa akili. Usiku mnapakia kwa miguu. Nimegeuka nikamwona kijana ameikumbatia sabufa peke yake, goti likitetemeka.

"Dogo, weka chini. Msubiri mwenzio."

"Naimudu, dada."

"Najua unaimudu. Weka chini."

Ameiweka. Mgongo wake nauthamini kuliko boksi, na mtu anayeelemewa huachia mzigo popote, mara nyingi kwa kona.

Nimeshika tochi, sijabeba chochote. Kazi yangu usiku ni kuona. Mpangilio ni uleule wa asubuhi, na nimeubandika picha kwenye mlango wa gari kwa ndani, ili asiwepo wa kubishana. Kila boksi limefutwa kwa kitambaa kikavu kabla ya kuvaa koti, hasa kuzunguka skrubu na chini ya mishikio ambako matone hujificha. Bado kuna unyevu, najua. Lakini siwezi kuzisafirisha uchi.

Saa 7 usiku

Stoo. Vijana wamekunywa maji, nimewaruhusu waende. Mimi nabaki kuvua makoti, yote sita. Ukiiacha spika yenye unyevu ndani ya koti hadi kesho umeipikia ukungu, na kutu itaanzia kwenye wavu. Makoti nimeyatundika kwenye kamba, bamba limetolewa mfukoni, ndani nje. Mabamba nimeyaegemeza ukutani yachuruzike.

Nimepitisha kiganja kwenye kila wavu, juu hadi chini. Kwenye sabufa ya kushoto, kona ya chini, kidole kimeingia kwenye tundu tupu. Skrubu imeanguka mahali fulani kati ya kule na hapa. Jirani yake nayo imelegea, nimeikaza. Kwenye tundu nimebandika kipande cha utepe mweupe, kionekane kabla ya koti kuvaliwa tena.